Plagi Alizozivunja kwa Nyundo

Yule mama aliyekuwa akiuza spea pale Gerezani, Kariakoo, amefariki. Habari nilizipata Jumanne kwa fundi wangu wa Ilala, aliyenipigia simu na kusema tu, "Kaka, mama wa plagi hatunaye." Alikuwa mjane wa Kihindu, mzaliwa wa mji huuhuu, aliyerithi duka la baba yake na kujulikana kwa kitu kimoja: plagi, kile kidude kinachotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini. Hakuwa ndugu yangu wala rafiki wa kutembeleana. Nilikuwa mteja wake tu. Lakini tangu Jumanne sina raha, na sidhani kama ni msiba peke yake unaonisumbua.

Tulijuana nilipoanza kulichokonoa gari langu dogo la zamani. Fundi alikuwa amechonga hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ili injini ibane zaidi, akabadilisha na bomba la moshi. Turbo, ile feni ya kuishindilia injini hewa, halikuwa nayo. Nikaenda kwa mama yule kutaka plagi za mashindano, zile za bei mbaya. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Gari lina turbo?" Nikasema halina. "Hedi imechongwa sana?" Kidogo. "Na unakwenda nalo wapi?" Nikajibu: Posta, kazini. Akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Hayo mashindano ya foleni, baba!" Akanituma nikalete plagi nilizozitoa. Aliinua moja kwenye mwanga, akaona ncha yake ina rangi ya biskuti, akasema injini ni nzima. "Ukiibana injini, joto linapanda, kwa hiyo inataka plagi inayopoa haraka zaidi. Kidogo tu, lakini. Ukizidisha, kwenye foleni itajaa masizi na gari litakohoa. Ukiweka isiyopoa, mafuta yatawaka kabla ya wakati wake, pistoni itoboke." Akanipa za kawaida, zenye ubaridi wa hatua moja zaidi ya zile za zamani. Gari likaenda vizuri, nami nikawa mtu wa kupita dukani hata nisipokuwa na shida ya kitu.

Ndiyo maana nilikuwepo siku fundi wangu alipoingia na pistoni iliyotobolewa tundu. Ilitoka kwenye gari la kijana mmoja mpenda mbio, ambaye injini yake ilikuwa imebanwa kuliko yangu. Alikuwa analipita lori njia ya Morogoro, injini ikafa katikati ya kulipita. Aliokoka, lakini mguu ulisagika. "Mama, sijaja kugombana," fundi akasema, akaiweka juu ya meza plagi ya gari hilo, iliyonunuliwa palepale dukani. "Nataka ujue tu." Yule mama akaiweka kando ya nyingine aliyokuwa akiitumia kwenye gari lake mwenyewe. Namba ileile, boksi lilelile, ila maandishi ya ile ya kijana yalikuwa yamefifia, na kauri yake ilicheza ukiishika. Feki, isiyoweza kupoa. Alikuwa ameletewa mzigo na mfanyabiashara wa jumla aliyemwamini miaka mingi, naye akauuza bila kujua.

Kesho yake alikwenda hospitali, akamwambia baba wa yule kijana, "Plagi niliuza mimi." Kisha akayatoa maboksi yote ya mzigo ule nje ya duka na kuanza kuzivunja plagi kwa nyundo, moja moja, mbele ya wapita njia. Majirani wenye maduka wakamjia juu. "Mama, unatuharibia soko! Watu watadhani wote tunauza feki." Akawajibu bila kuinua kichwa, "Basi leteni na zenu tuzitazame." Hakuna aliyeleta.

Kilichofuata ndicho kinachonikosesha usingizi. Mteja akiuliza plagi, mtaa mzima ulimwambia, "Pale usiende, mwenyewe kakiri anauza feki." Na watu wakaacha kwenda. Aliyemletea mzigo hakuguswa, na naambiwa bado anasambaza. Waliokaa kimya waliendelea kuuza, pengine mzigo uleule. Duka la mama likapungua rafu baada ya rafu, mwishowe akalifunga, akabaki nyumbani kwake Upanga, na maradhi yakamkuta huko.

Alipochomwa, kwa desturi ya dini yake, majirani wale walikuja, wakanong'ona kwamba hapatapatikana tena mwaminifu kama yeye. Karibu yangu alisimama yule kijana na gongo lake. Nikamuuliza kama alimsamehe. Akanitazama kama niliyeuliza jambo la ajabu. "Nimsamehe nini, mzee? Katika mikono yote iliyopitisha plagi ile, ni yeye peke yake aliyekuja kuniona."

Tunalalamika kila siku kwamba Kariakoo imejaa feki, tukaulaumu ukaguzi, bandari na tamaa za watu. Yote kweli. Lakini wateja wa mama yule tulikuwa sisi, na aliposema ukweli tulihamia kwa wasiosema. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga; hapa kwetu aliyeyataja maradhi ndiye tuliyemuumbua. Basi, msomaji wangu, ikitokea siku muuzaji akakuita na kukwambia, "Kitu nilichokuuzia kina kasoro, kirudishe," usilihame duka lake. Hapo ndipo pa kununua.