Nyumba ya Akka Ipo

Goti la kulia la Bassou lilistaafu kabla yake. Akipanda linalia, akishuka linalia, na kila asubuhi Itto, mkewe, alilikanda kwa mafuta ya zeituni huku akilitukana kama goti la jirani asiyemsalimia.

"Hili si goti, ni bawaba ya mlango wa zizi," alisema asubuhi ile. "Nyoosha."

"Taratibu, mama Tuda! Nimelikokota miaka arobaini na mmoja."

"Na leo ndiyo mwisho. Sema nikusikie."

"Leo ndiyo mwisho."

Itto alitaka kucheka, kikohozi kikamuwahi. Kilimkamata kifuani, kikamkunja, kikamwachia akiwa na machozi. Daktari wa Azrou, mji wa bondeni, alishamwambia mara mbili kwamba baridi ya mlimani itammaliza. Binti yao Tuda, aliyeolewa huko huko Azrou, alikuwa amewatolea chumba chenye dirisha la kusini. Mumewe, Zaid, alipanda alfajiri na gari lake la kubebea mboga, na sasa mablanketi, sufuria na gunia la unga wa shayiri vilikuwa vimeshafungwa kamba nyuma. Lilibaki jambo moja dogo: Bassou aende chini ya mtambo wa kuvuta watu mlimani, jina la nyumba yake liitwe, naye anyamaze.

Kunyamaza. Ungedhani ni kazi rahisi.

Kituo cha kutelezea theluji cha Tizi Udfel kilianza na maafisa wa Kifaransa waliochoshwa na joto la Meknes. Walikuja na mbao zao za kutelezea, wakaona mteremko wa malisho yetu umejaa theluji, wakataka kuuchukua. Mababu hawakuwa wajinga. Wakasema: majani ya kiangazi ni yetu, theluji iwe yenu, lakini kamba ya kuvuta watu itashikwa na watu wa hapa. Kamba yenyewe wakati huo ilikuwa katani, inazungushwa na injini ya lori bovu. Nyumba kumi na tatu ziliweka dole gumba, na Akka, baba yake Bassou, alikuwa kijana kuliko wote waliotia wino siku ile.

Tangu hapo, siku ya kwanza ya zile siku arobaini za baridi kali, majina kumi na matatu huitwa chini ya mtambo. Yanaitwa majina ya wale wale wa dole gumba, ingawa wote wamelala makaburini. Mtu wa nyumba hiyo hujibu "Ipo!" na akishajibu amefungwa hadi malisho yafunguliwe kwa kondoo. Akiondoka katikati, ukoo wake wote unanyimwa majani. Nyumba isiyojibu mara tatu, jina lake hukatwa, na hapo hapana ugomvi wala lawama. Mtu wa kukodi hakubaliwi. Mkwe hakubaliwi. Mtoto wa kiume wa Bassou, kama angekuwepo, angekubaliwa, lakini Mungu alimpa Tuda tu.

Bassou alianza kujibu akiwa na miaka ishirini na miwili, baada ya kamba kumla Akka vidole viwili. Aliona katani ikiondolewa na waya wa chuma kuwekwa, wenye vyuma vinavyoning'inia ambavyo mtu hujipachika matakoni na kuvutwa juu. Aliona hoteli ya paa jekundu ikijaa hadi watu wakalala jikoni. Jumapili za miaka ile magari ya Fez na Meknes yalipanga foleni hadi kwenye mierezi. Watu walivaa mifuko ya nailoni juu ya soksi, wakakodi mbao za zamani kuliko wao, wakaanguka, wakaokotwa na Bassou, wakamlaumu Bassou. Jaji mmoja mnene alimwangukia mwilini kabisa, akataka kumshtaki.

"Unanishtaki kwa kuwa godoro?" Bassou alimuuliza. Jaji alicheka, akamnunulia supu.

Siku hizi hata wa kumwangukia hakuna. Misimu mitatu mfululizo theluji ilikuja kama mgeni mwenye haraka, ikakaa siku nne, tano, ikaondoka. Nyani wa msituni ndio walioning'inia kwenye vile vyuma. Hata hivyo injini lazima iwashwe kila asubuhi nusu saa isije ikashika kutu, na mwenye kuiwasha alikuwa Bassou. Alivuta hewa hadi kileleni, akairudisha hewa chini. Alikuwa amechoka, na usingizi haukuuondoa uchovu huo. Alilala nao, akaamka nao, akanywa nao chai.

Asubuhi ile, Bassou na Itto walipofika chini ya mtambo, wanaume walikuwa wameshasimama kwenye matope, kofia za makoti zimefunika nyuso. Haddou, kiongozi wa baraza, mwenye duka, hata miaka arobaini hajafika, alishika orodha iliyofungwa kwenye plastiki.

"Ami Bassou! Umekuja na gari la mboga? Umegeuka kabichi?"

"Nimekuja kukutazama unavyosoma, Haddou. Mwalimu wako alikata tamaa mapema."

Wakacheka. Kati ya majina kumi na matatu yalibaki saba. Itto alikaa garini na Zaid, kioo kimeshushwa kidogo, akitazama.

"Nyumba ya Bouazza!"

"Ipo!"

"Nyumba ya Raho!"

Kimya. Wajukuu wa Raho walikuwa Casablanca, hata mbuzi hawakuacha. Haddou aliita mara ya pili, mara ya tatu, kisha akatoa kalamu mfukoni, akapiga mstari mmoja. Akalamba kidole, akafunua plastiki, akaendelea. Haikuchukua muda hata wa kupiga chafya. Raho huyo alibeba nguzo ya kwanza ya mtambo mgongoni, kila mtu pale alilelewa akisikia hivyo, na hakuna aliyefungua mdomo.

"Nyumba ya Akka!"

Bassou alitazama viatu vyake. Kidogo tu, alijiambia. Nyamaza, uende ukakae juani.

"Nyumba ya Akka!"

Vichwa viligeuka. Mtu mmoja akakohoa, na Bassou akashtuka akidhani ni Itto. Haddou aliteremsha sauti.

"Ami, umelala? Ni nyumba yenu."

"Nimesikia."

Haddou alimtazama, akaelewa, akatoa kalamu polepole. Aliita mara ya tatu kwa heshima, jina lote pamoja na la baba yake Akka, jinsi lilivyoandikwa siku ile ya wino: "Nyumba ya Akka u Bassou, kijana!"

"Ipo!"

Sauti ilitoka kubwa, ikagonga ukuta wa hoteli. Alikuwa ameshainua na mkono.

"Si ungesema mapema!" Haddou alisema, akirudisha kalamu. "Umenitoa jasho na baridi hii."

Bassou alipogeuka, Itto alikuwa ameshashuka garini. Alisimama kwenye matope, shuka lake la mistari begani.

"Umejibu."

"Mdomo tu, mama Tuda. Umeniponyoka."

"Mdomo wa nani?"

"Angemkata baba. Umeona alivyomkata Raho? Mstari mmoja, kama anafuta bei ya sukari."

"Baba yako amekufa miaka ishirini na sita. Hakohoi." Kikohozi kilimchukua tena, naye akakingoja kipite, akakataa mkono wa mumewe. "Mimi ndiye ninayekohoa."

"Hadi masika. Malisho yakifunguliwa tu nashuka, naapa."

"Mwaka jana pia uliapa."

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Bassou. Angalitukana, angalimwita punda mbele ya baraza zima, Bassou angalijua pa kushika. Itto alifungua kamba nyuma ya gari, akachomoa blanketi zito na sufuria ndogo, akavitia mikononi mwa Bassou. Akapunguza na unga, akamfungia kwenye kitambaa.

"Uji utaujua mwenyewe. Maji kwanza."

"Itto."

"Ukimaliza kumjibu baba yako, mimi niko kwa Tuda."

Zaid alishika usukani, hakujua pa kuweka macho. "Ami, labda tungengoja kidogo..."

"Washa gari, mwanangu," Itto alisema, akafunga mlango.

Wanaume walijifanya wanatazama mlima. Haddou alisogea, akamning'inizia Bassou ufunguo kwenye kidole kimoja kilichokuwa wazi chini ya blanketi.

"Injini, ami. Nusu saa tu, kisha ukapumzike."

Bassou alichechemea hadi kwenye kibanda cha injini, akaweka unga na sufuria sakafuni, akawasha. Waya ulikaza, vyuma vitupu vikaanza kupanda kimoja baada ya kingine juu ya majani makavu. Aliyeko kibandani anatakiwa kutazama waya, asigeuze macho hata kidogo. Bassou alitazama barabara. Gari la mboga lilionekana mara moja kwenye kona ya mierezi, likashuka, naye akabaki akihesabu ni siku ngapi hadi masika.