Baba yangu humvulia kofia Mungu yupi? Hoja zangu 11 zilivyotaka kumkosesha dada yangu mume

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo nawapungia mkono.

Haya ninayoandika yametokea nyumbani kwetu, na aliyeumbuka ndani yake ni mimi mwenyewe, kwa hiyo sina faida ya kutia chumvi. Nimebadilisha majina tu, maana dada yangu akijua nimemwanika humu nitakoma.

Wanaopita jukwaa la dini wananijua. Mimi ndiye yule wa uzi wa "Waislamu na Wakristo hawaabudu Mungu mmoja, hoja 11 zisizo na majibu".

Wengine mlinitukana, wengine mkanimwagia like, nikavimba kichwa. Sasa kaeni niwaambie uzi ule ulinifanya nini.

Mimi ni Msukuma wa Tinde, Mkristo, mtoto wa mzee wa kanisa. Niko Geita mwaka wa tisa. Nina karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na mbia wangu ni Shabani, Muha wa Kigoma, Mwislamu wa swala tano.

Shabani ni mtu wa watu. Nilipolazwa na homa ya matumbo, alilala kwenye benchi la wodini siku nne, na nesi akawa anamwita shemeji akidhani ni ndugu wa mke wangu. Mke mwenyewe sina.

Krismasi yeye analinda karasha mimi naenda kwetu. Idi analinda nani? Mimi.

Ila ubishi sasa!

Kila tukikaa kula, ligi inaanza. Yeye anasema Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Mimi namwambia hujauelewa Utatu. Mashine inanguruma, tunapiga kelele juu yake, vumbi limetujaa mpaka kwenye kope. Wateja wakija na mawe yao wanauliza, "Leo mmefika hoja ya ngapi?"

Zile hoja kumi na moja zote nilizijaribia kwake kwanza, halafu ndipo nikazileta kwenu.

Kosa langu ni hili. Krismasi ya mwaka ule niliuprinti ule uzi, kurasa nne, nikampelekea baba Tinde kama zawadi.

Mzee alifurahi jamani. Alivaa miwani, akasoma kurasa zote akifuata mstari kwa kidole. Alipomaliza akasema, "Mayunga, kumbe ile shule haikwenda bure." Akaikunja ile karatasi akaiweka ndani ya Biblia yake.

Niliona fahari, sitawadanganya.

Sasa Minza. Huyu ni mdogo wangu wa mwisho, ana duka la vitenge Buseresere. Shabani akawa mteja wake. Kila wiki anarudi na kitenge.

Mimi, bingwa wa hoja, sikuwahi kujiuliza mwanaume asiye na mke wala dada huku Geita vitenge anampelekea nani. Begi lake limejaa vitenge, mimi niko kwenye hoja ya saba!

Siku aliponiambia anataka kumposa Minza, nilizima mashine kwanza. Halafu nikagundua nimefurahi. Nikamkumbatia pale pale kwenye vumbi. Minza alikuwa ameshakubali, kila mtu abaki na dini yake, ndoa ifungwe bomani.

Washenga wakaenda Tinde na barua ya posa, wakiongozwa na baba mdogo wa Shabani, mzee mpole aliyetoka Kigoma kwa ajili hiyo tu. Mimi nilikuwa upande wa wenyeji, nimekaa kwenye benchi, shati limenyooka.

Baba akaipokea barua, akaisoma, akaikunja vizuri. Akaingia ndani. Akatoka na Biblia.

Wakuu, nikaiona ile karatasi inachomoza.

"Wageni wetu, mimi sina ugomvi na kijana wenu," baba alisema. "Lakini binti yangu hataolewa na mtu wa Mungu mwingine. Mwanangu msomi amelieleza jambo hili vizuri kuliko mimi."

Akasoma. Hoja ya kwanza mpaka ya kumi na moja, mbele ya washenga, kwa sauti ya kusomea somo kanisani. Kila akimaliza hoja moja ananitazama kwa fahari. Mimi nachimba udongo kwa kidole cha mguu.

Alipomaliza, baba mdogo wa Shabani alisema tu, "Aliyeandika ana bidii." Wakaaga, wakaondoka bila jibu la ndiyo.

Shabani hakunilaumu. Kesho yake kwenye karasha alikula kimya, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hatukubishana. Kimya kile kiliniuma kuliko tusi.

Minza ndiye aliyenilaumu. Alikuja mwenyewe Geita, hakukaa hata kwenye kiti.

"Kaka, sitatoroka, na sitaolewa bila baraka ya baba. Wewe ndiye uliyefunga, wewe ndiye utakayefungua."

Nikapanda basi mpaka Kahama, nikaunga mpaka Tinde. Njia nzima napanga hoja za upande wa pili.

Nilimkuta baba uani amekaa na pama yake kichwani, ile kofia ya ukingo mpana. Ile pama haitoki, labda kanisani na kitandani. Akafurahi kuniona, akaagiza achinjwe mbuzi, na mama akamwita Mzee Ramadhani.

Mzee Ramadhani ni jirani yetu, Mwislamu, mji wake unapakana na wetu. Tangu nazaliwa sijaona mnyama akichinjwa kwetu kwa mkono mwingine. Krismasi ni yeye, msiba ni yeye, harusi ni yeye, ili kila atakayefika ale. Hilo halijawahi kuwa mjadala. Ni kama kisima, mnakikuta kipo.

Wakati tunamsubiri, nikaanza.

"Baba, Wakristo wa Uarabuni nao wanamwita Mungu Allah."

"Umelijibu hilo ukurasa wa tatu," akasema.

"Baba, wao pia wanamtaja Ibrahimu."

"Hoja ya tano. Uliandika kwamba kutaja jina la mtu si kumjua."

Wakuu, hamjawahi kupigwa na mtoto mliyemzaa wenyewe! Kila mlango ninaogusa, kumbe niliufunga mimi na komeo nikatia. Mzee ameshika karatasi, anatabasamu, anadhani nampima kama amesoma.

Mzee Ramadhani akafika, tukasalimiana. Akamlaza mbuzi chini ya kivuli cha ghala, akamwelekeza kibla. Baba alikuwa bado anaongea, yuko katikati ya hoja ya nane, amenyoosha kidole.

Mzee Ramadhani akasema, "Bismillahi, Allahu akbar."

Baba akanyamaza. Mkono ukapanda, akavua pama, akaishika kifuani, akainamisha kichwa. Damu ilipotulia akairudisha kichwani na kuendelea, "Sasa ile hoja ya nane..."

"Baba Mayunga."

Ni mama. Alikuwa amesimama na beseni la kuwekea nyama. Mama yangu si mtu wa mijadala, na Kiswahili chake ni cha kuendea sokoni.

"Hiyo kofia umemvulia nani?"

"Kofia gani?"

"Hiyo. Umevua sasa hivi. Unavua kila siku Lamadhani akichinja. Miaka yote nakuona. Umemvulia nani, mbuzi?"

Mzee Ramadhani akageuka na kisu chake mkononi. "Kumbe huwa anavua? Mimi nimeinama, nitamwona wapi!"

Baba aliitoa pama akaitazama kana kwamba si yake. Akaivaa. Akaitoa tena. Hoja zote nilizotoka nazo Geita zilikuwa zimeniishia, na hiyo ya kofia haikuwa mojawapo.

Baadaye akasema polepole, "Baba yangu hakubatizwa, wala hakusilimu. Lakini Mungu akitajwa, alikuwa anavua kofia na kunyamaza. Alitufundisha hivyo tukiwa wadogo. Hakutuambia tuulize kwanza ametajwa na nani."

Kisha akaanza kucheka. Kicheko cha chini chini, mabega yanatikisika, mpaka akafuta macho. Mama akacheka. Mzee Ramadhani akacheka mpaka akakaa chini kando ya mbuzi. Mimi nilikuwa nalia, semeni mtakavyo.

Baba akanirudishia karatasi yangu.

"Hoja zako ni nzuri, sijazishinda hata moja. Ila kichwa changu kilikuwa kinajua jambo kabla hujaandika." Halafu akamwambia mama, "Ng'wanone, mwanangu Minza, aambiwe washenga warudi."

Wakuu, ile supu ya mbuzi sijawahi kunywa tamu namna ile.

Sasa msije mkasema nimesilimu au nimelegea. Mimi bado ni Mkristo, na Yesu kwangu ni Mwana wa Mungu. Shabani hilo halikubali na hatalikubali. Yako mambo makubwa tunatofautiana, na anayesema dini zote ni sawasawa hajakaa mezani na mimi na Shabani.

Lakini nilichokuwa naandika humu ni kwamba yule jirani aliyetulisha miaka yote alikuwa anataja mungu wa uongo uani kwetu. Niliandika hivyo nikiwa nimeshiba nyama yake. Hilo ndilo ninaloliomba radhi, kwenu na kwake.

Ndoa ilifungwa bomani, sherehe ikawa Tinde. Mchungaji wetu alikuja, baba mdogo wa Shabani alirudi na ndugu zake, ngoma ikalia, vumbi likapanda. Minza alivaa vitenge vyote vya lile begi kwa zamu, kila baada ya muda anatoka na kingine. Nilifurahi mpaka taya likauma.

Kabla ya hapo, asubuhi, ng'ombe aliletwa uani. Mzee Ramadhani akakunja mikono ya kanzu. Watu wakazunguka. Mimi nimesimama mbele kabisa na simu, narekodi, nawaza nitaweka picha gani kwenye uzi huu.

"Bismillahi, Allahu akbar."

Kofi likanipata kisogoni, kapelo yangu ikaruka mpaka miguuni kwa mchungaji.

Nikageuka. Ni baba, amesimama kichwa wazi, pama iko kifuani.

"Msomi," akaninong'oneza, "Mungu anatajwa."

Nilichojifunza ndicho hicho, sina cha kuongeza. Ule uzi wa hoja 11 sijaufuta, nimeuacha ili mniumbue vizuri.

Uwanja ni wenu sasa. Wenye aya leteni aya, wenye visa vya mashemeji leteni visa, na wenye kunitukana nipo. Ila kabla hujaandika kitu hapa chini, mkuu, vua kofia kwanza.