Nyayo za Mkanyaga Ndizi

Mimi nimesoma mpaka darasa la pili. La tatu nililiona dirishani. Kila nilicho nacho hapa Ihanda, kahawa, migomba, nyumba ya bati yenye saruji mpaka uani, nimekitoa kwenye mwili huu huu. Kwa hiyo mtu asije kunifundisha habari za mwili. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema, tena mbele za watu.

Sifa yangu ilikuwa miguu. Kwetu huwezi kupata rubisi, pombe yetu ya ndizi, bila mtu wa kukanyaga. Ndizi zikishaiva shimoni zinamenywa, zinamwagwa kwenye mtumbwi wa mti, zinachanganywa na nyasi ngumu za mlimani, halafu mwanamume ananawa miguu mpaka magotini anaingia. Wajinga wanadhani ni nguvu. Si nguvu. Unyayo ndio unaojua. Unasikia ndizi inavyoteleza, inavyoshika, na ile dakika inapoachia maji yake. Ukiipita dakika hiyo, juisi inabaki kwenye nyasi. Mimi sikuipita. Harusi, msiba, kipaimara, Walutheri na Wakatoliki, wote walinifuata mimi. Sikudai kitu. Kuitwa kulinitosha.

Mke wangu akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa wote, mdomo ukaenda kando. Watoto wetu wako mbali na maisha yao. Nikamuuguza mwenyewe. Nilijifunza kumwosha, kumlisha uji kwa kijiko, na kumgeuza kitandani kila baada ya saa chache ili mgongo usichubuke. Wanaume wenzangu walinicheka, mmoja akasema nimebakiza kufunga kanga tu. Mwanamke yule alikaa miaka miwili kitandani hana hata upele mgongoni. Waje waoneshe na wao.

Katikati ya kuuguza huko mimi nikaanza kukonda, na kwenda chooni kila mara. Kituo cha afya wakasema ni sukari. Nesi, msichana wa umri wa mjukuu wangu, alinipa shikamoo kwa adabu zote, kisha akanipangia amri kama jemadari. Nije kliniki kila Jumatano. Nile kwa saa. Nisitembee peku. Na kila siku niangalie nyayo, maana sukari inaua miguu kimya kimya, unaumia na husikii. Nikamwambia macho yangu hayafiki tena huko chini. Akasema basi mke wangu anisaidie kuangalia, hapo hapo kitandani. Nikacheka. Ndipo akaniuliza:

"Babu, wewe ukilala, yule mama nani atamgeuza?"

"Mimi silali, mwanangu. Uliza watu."

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu kama kichekesho. Hakucheka. Alinyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akapigapiga godoro. Maneno yake yalitoka kwa taabu siku hizo, kwa hiyo hakuyapoteza.

"Lete miguu. Nione."

Mwanamke huyu nilikuwa namsafisha kila kitu. Nimemwona katika hali ambayo mke hapendi mumewe amwone. Lakini mimi, mwanamume mzima, nipandishe nyayo zangu kitandani nizisogeze kwenye uso wa mke wangu azikague? Niliona aibu. Nikamwambia miguu yangu ni ya kazi, si ya kutazamwa. Aliomba tena kesho yake, na keshokutwa yake. Kama wiki mbili hivi alikuwa akipigapiga godoro kila asubuhi. Halafu akaacha.

Kliniki nayo. Harusi zetu ni Jumamosi, na rubisi inataka siku zake za kuchacha, kwa hiyo kukanyaga kunaangukia Jumatano. Nesi na mtumbwi walinitaka siku moja. Nilikosa Jumatano ya kwanza, nikakosa ya pili. Ya tatu sikuisumbukia tena. Hakuna aliyenilazimisha. Ningesema "siwezi, naumwa," wangemtafuta mwingine, na hilo la kutafutwa mwingine ndilo nililoliogopa kuliko sukari.

Siku iliyonimaliza ilikuwa Jumatano kama hizo, jirani yangu anajiandaa kumwoza binti. Niliingia mtumbwini nikahisi kama nakanyaga pamba. Tena haikuwa mara ya kwanza. Miezi kadhaa unyayo ulikuwa umenyamaza, mimi nakanyaga kwa mazoea, nakisia tu. Nilijua. Sitaki mtu aseme mzee wa watu hakujua. Nilijua.

Mama mwenye nyumba alikuja na ndoo kukinga juisi. Akainama, akalitazama povu, akainuka.

"Mzee, toka humo."

Nikamwambia ndizi bado hazijaachia.

"Toka, baba. Unatoka damu."

Nikatazama. Povu lote lilikuwa jekundu. Shina la nyasi, gumu kama waya, lilikuwa limeingia chini ya kidole gumba na kupasua unyayo hadi katikati, na mimi nilikuwa naendelea kukanyaga huku nikipiga mluzi. Waliubeba mtumbwi, watu wanne, wakamwaga kila kitu kwenye mashina ya migomba. Hakuna aliyenifokea. Walininawisha wakanipa pole, na jirani akatuma mtu haraka kwa mkanyagaji mwingine.

Nyumbani nilivaa buti za mvua nikamficha mke wangu kidonda. Siku ya tano alisikia harufu. Alipiga kelele kwa ule mdomo wake wa upande mpaka wapita njia wakaingia. Nilipakiwa kwenye bodaboda hadi Omurushaka, na kutoka hapo gari mpaka hospitali. Walianza na vidole. Baadaye wakakata chini ya goti.

Nililala huko zaidi ya mwezi. Majirani hawakumtupa mke wangu, nisiwasingizie. Walimletea uji, walimwimbia, walimwombea, walimfunika vizuri wakaenda zao. Kumgeuza hakuna aliyemgeuza. Nilipomuuliza mama mmoja kwa nini, alinitazama usoni. "Si ulitukataza?" Na kweli. Huyo huyo alikuwa amekuja mwanzoni akaomba nimfundishe ili tupokezane, nikamjibu kwamba kazi ya nyumba yangu naiweza. Miaka miwili nilikanyaga ndizi za kijiji kizima, na sikumwonesha mtu hata mmoja namna ya kumshika mke wangu bega na nyonga.

Nilirudi kwa magongo nikamkuta na kidonda mgongoni ukubwa wa kisahani. Mdogo wake wa kiume kutoka Rugu alikuwa ameshafika na gari la kukodi. Alinisalimia, akanitafutia kiti, akasubiri nikae.

"Shemeji, namchukua. Humu ndani mtaoza wote wawili."

Nikamwonesha zilipo kanga zake.

Sasa huwa naenda Rugu kumwona, nikipata bodaboda mwenye subira na magongo. Mara ya mwisho nilimkuta amelala ubavu, amepungua. Tulisalimiana. Akanyoosha mkono ule ule wa kushoto akapigapiga godoro. Nikavua kiatu, nikakaa ukingoni, nikapandisha mguu uliobaki karibu na uso wake. Alipitisha vidole vyake katikati ya vidole vyangu, kimoja kimoja, akaushika unyayo wote. Sikusikia kitu. Nilikuwa natazama kwa macho ili nijue ameshika wapi.

"Huu mzima," akasema. Akapumzika kidogo. "Ungeleta yote miwili."

Saa ya kumgeuza ilikuwa imefika. Nilisimama, nikaingiza mkono chini ya bega lake kama zamani. Mkono wa pili ulikuwa umeshika gongo. Nikiliachia naanguka, tena namwangukia yeye. Nilisimama hivyo, nimemshika bega, yeye ananitazama. Halafu nikamwita mke wa shemeji yangu aliyekuwa jikoni, aje amgeuze.