Kosa Ambalo Bi Nukta Hakutaka Kulirekebisha

Ofisini tulimwita Bi Nukta, kwa sababu akipita nyuma ya kiti chako na programu yako iko wazi, kidole chake kinatua pale pale uliposahau nukta, hata kabla hajasimama vizuri. Kazi yangu ni kujaribu programu kabla hazijaenda kwa wateja. Nilikaa meza inayotazamana na yake kwa miaka sita, na sikuwahi kumwona akisumbuliwa na kosa zaidi ya saa moja. Ndiyo maana wiki ile nilianza kumtilia shaka tangu Jumanne.

Kazi yenyewe ilikuwa ya bohari ya dawa. Programu ilichukua orodha ya dawa zilizoagizwa na orodha ya dawa zilizofika, ikazilinganisha, ikaonyesha kilichopungua. Miaka minane ilifanya kazi bila kulalamika. Kisha mkuu wetu akaamua tuhamie toleo jipya la kompaila, yaani ile programu inayokagua tulichoandika na kukigeuza kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha. Toleo la zamani lilikuwa likifumbia macho mambo mengi. Hili jipya halimwonei mtu haya. Lilifika mstari wa mia nne na kumi, likagoma.

Nieleze kidogo, na ukichoka ruka, sitakununia. Aliyeandika programu alitengeneza mbinu mbili za kulinganisha, zote akaziita jina moja. Hilo linaruhusiwa, kompaila huchagua kwa kutazama umeipa vitu vya aina gani. Mbinu ya kwanza ilitaka orodha mbele, na nyuma yake kitu chochote kile. Ya pili ilitaka kitu chochote mbele, na orodha nyuma. Sasa sisi tunaleta orodha mbili. Zinakubalika kwa ya kwanza, zinakubalika kwa ya pili, na hakuna inayofaa kuliko mwenzake. Kompaila ya zamani ilikuwa ikichukua ya kwanza tu na kuendelea na shughuli zake. Mpya ikasema haichagui, tuamue wenyewe.

Mkuu alikuwa ameshawaahidi watu wa bohari kwamba Alhamisi saa sita mchana watapata programu yao. Kila akipita aliuliza, "Vipi, Bi Nukta?" Naye anajibu, "Bado linanisumbua, mkuu," huku macho yake yakiwa kwenye simu, si kwenye skrini. Simu aliilaza kando ya kikombe cha chai, na chai ilipoa bila kuguswa.

Jumatano baada ya chakula uvumilivu ukaniisha. Mimi si mtu wa kumung'unya maneno.

"Dada, unanifanya mjinga? Si ubadilishe jina la mbinu moja, yaishe? Hata mimi nisiyeandika programu naijua hiyo."

"Naijua tangu Jumatatu," akasema.

"Sasa tunangoja nini?"

"Aliyeandika ni kaka yangu."

Kwamba ana kaka ughaibuni nilikuwa najua. Sikujua kwamba meza niliyoikalia miaka yote ile ndiyo iliyokuwa yake, wala kwamba ni yeye aliyemleta Bi Nukta ofisini na kumfundisha kazi, wakichekana na kugombana mpaka wenzao wanawafungia mlango. Kisha akaondoka. Miaka mitatu iliyopita baba yao aliugua, na wiki ya pili akafariki. Kaka hakuja. Alisema ni mambo ya vibali, akiondoka kule hataruhusiwa kurudi. Bi Nukta akazika na baba zake wadogo. Siku iliyofuata kaka alipopiga simu kutoa pole, yeye kwa uchungu akamwambia asithubutu kumpigia tena maishani. Kaka ni mtu wa kuchukua neno kama lilivyo. Hakupiga tena.

"Namkumbuka mpaka naumwa," Bi Nukta akaniambia. "Mtu akikohoa pale ngazini, nageuka nione kama ni yeye. Kila siku nasema leo nampigia, halafu nashika simu najiuliza, naanzaje? Sasa likatokea hili kosa, na kosa ni lake. Nikaona angalau nina cha kumuuliza. Nimemwandikia Jumatatu. Nikilirekebisha mwenyewe, sina tena sababu ya kumtafuta."

"Ameusoma ujumbe?"

"Jumatatu ile ile."

"Watu wazima mnanuniana kama wachumba," nikasema. Nilitaka acheke. Alicheka kidogo, halafu akajifuta macho kwa kiganja, nami nikajuta kufungua mdomo. Mkuu alipokuja jioni nilimwambia kosa lile ni gumu kweli, nimelitazama mwenyewe. Alinikubalia, kwa sababu hajui ninachojua na nisichojua.

Alhamisi saa tano mkuu alisimama katikati ya chumba akasema hana tena maneno ya kuwaambia watu wa bohari. Bi Nukta hakujitetea. Alitazama simu mara moja, akaigeuza kifudifudi, akavuta kibodi. Dakika mbili tu. Jina la mbinu ya pili likabadilika, na kila mahali lilipotajwa likabadilika pia. Kompaila ikapita mstari wa mia nne na kumi, ikapita yote, haikulalamika hata kidogo. Nilijaribu orodha za bohari mara tatu, majibu yakatoka sawa. Mkuu akapiga makofi. Bi Nukta akakunja mikono mapajani, akakaa. Sijawahi kuchukia kazi nzuri namna ile.

Tulikuwa tumeshatuma programu bohari simu ilipotetemeka. Aliisoma, kisha akanipa niisome. Kaka ameandika: "Mdogo wangu, hili kosa nilikufundisha mwenyewe kulitatua, na wewe si wa kusahau. Siku tatu sijui nikujibu nini. Uliniambia nisipige. Je, nipige?"

Alianza kuandika maelezo marefu, akayafuta. Akaandika mengine, akafuta. Mwisho akatuma neno moja, "Piga," na kabla hajaiweka chini ikalia.

"Kaka," akasema.

Chumba kilikuwa kimya, hata mkuu alikuwa amesimama tu na kikombe chake, kwa hiyo nilimsikia yule mwanamume wa mbali vizuri kabisa. Hakusalimia. Aliuliza, "Baba mlimlaza wapi?"

Bi Nukta akafumba macho, akaanza kumwelekeza. Ukiingia getini shika kushoto, upite kisima, safu ya nne, kaburi la pili baada ya la mama, lina ukingo wa saruji. Kisha kaka akamwomba arudie polepole, anataka kuandika, naye akarudia tangu getini.