Taa Iliyokataa Kuzimika

Pale Kigera, Musoma, ukiuliza kwa Pelagia, watu walikuonyesha kwa kidevu na kuharakisha njia. Si kwamba ana kisirani, la! Dagaa wake ni wasafi hawana mchanga, na ukiishiwa chumvi ni kwake utakakokimbilia. Kilichowatisha ni taa ya barazani.

Taa hiyo aliitengeneza mumewe, Bernado, mvuvi wa Kibara aliyehamia Musoma kumfuata mke lakini ziwa hakuliacha. Alichukua karai kuukuu la bati, akaligeuza kifudifudi, akabandika vitaa vya LED kwa ndani, akalitundika kwenye boriti. "Sasa utachambua dagaa usiku kama mchana," akamwambia mkewe kwa majivuno. Wiki hiyo hiyo akaingia ziwani, dhoruba ikamkuta huko. Mtumbwi uliokotwa umepinduka. Bernado hakuokotwa.

Sasa kwao Bernado, mtu akimezwa na ziwa asionekane, haachwi hivi hivi. Hukatwa mgomba wa kimo chake, ukavikwa shuka, ukaliliwa na kuzikwa kama mtu. Apolinary, mdogo wake marehemu, alitoka Kibara na mgomba kabisa, ameufunga kwenye bodaboda. Pelagia akamfukuza nao. Maana jioni iliyotangulia, watu wa msiba walipotawanyika, alizima swichi ya baraza kwa mara ya kwanza tangu taa itundikwe, nayo ikakataa kuzimika. Ilififia tu, ikabaki na kimwanga chembamba, kama jicho la mtu aliyesinzia.

"Hajafa huyu," alimwambia shemeji yake. "Huo mgomba rudi nao."

Tangu hapo kila jioni alibonyeza swichi, akaketi chini ya kile kimwanga na kumsimulia mumewe habari za mwaloni wanakoshusha samaki, bei ya sangara, na Debora, binti yao, alivyofaulu hesabu. Na siku za mvua, weee, mwanga ulizidi! Bernado alipotelea kwenye mvua, kwa hiyo Pelagia hakutaka ushahidi mwingine. Majirani walisema ni mzimu. Usimcheke, tafadhali. Aliyewahi kumngoja mtu anajua kwamba moyo hushika chochote.

Masika iliyofuata Debora alikimbilia barazani kuanua nguo, mikono imelowa chepechepe. Swichi ilikuwa imezimwa. Mkono ukagusa ukingo wa karai, na mtoto akarushwa mpaka ukutani. Pelagia alimkuta sakafuni, macho yamemtoka, midomo inacheza bila sauti. Alipozinduka alisema, "Mama, baba amenishika."

Pelagia alimbeba akamwingiza ndani. Kukaa na mume asiyeonekana aliweza. Mume anayekuja kumchukua mtoto, hilo hapana. Alimkumbatia binti yake mpaka kukakucha, huku akiitazama ile taa kupitia dirishani, na kwa mara ya kwanza akaiogopa.

Asubuhi akamwita Mugeta, fundi umeme, ambaye zamani alivua na Bernado mtumbwi mmoja. Mugeta hakugusa kitu. Alisogeza testa yake kwenye karai, nayo ikawaka.

"Yesu wangu! Swichi umezima, na karai lina umeme." Akatikisa kichwa. "Mama Debora, ndugu yangu Bernado alifunga taa ya nyumba kama ya mtumbwini. Kule tunatumiaga betri. Swichi unaweka waya wowote, na bati lenyewe tunalifanyaga ndo waya wa kurudishia. Betri haina shida. Huku ni umeme wa nyumba. Swichi kaiweka kwenye waya wa kurudi, kwa hiyo ukizima, moto bado umo ndani, umejaa kwenye karai. Unavujia kwenye boriti na ukuta, na vitaa vinawaka kidogo. Mvua ikilowesha ukuta, vinawaka zaidi."

"Kwa hiyo si yeye."

"Si yeye, mama."

"Na ukitengeneza?"

"Ukizima, itazima."

"Basi toka kwangu!" Pelagia alifoka. "Nani kakuambia uje kunizimia mume wangu?"

Mugeta akakusanya vifaa vyake. Wakati huo Debora alitoka ndani, kiganja kimefungwa kitambaa, akapita barazani ameubana mgongo ukutani ili awe mbali na taa ya baba yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Pelagia aliliona hilo, akafumba macho.

"Rudi, fundi," akasema.

Mugeta akazima swichi kuu, akapima tena ndipo akaliteremsha karai. Waya wa moto akaupitisha kwenye swichi, wa kurudi akaupeleka moja kwa moja kwenye taa, na viungo vyote akavifunika visiguse bati. Kisha akakwangua rangi ya karai, akakaza hapo kwa skrubu waya wa kijani ulioteremka mpaka chini kwenye nguzo ya baraza.

"Huu ndo athi. Moto ukitoroka unaenda ardhini, na kikatio nilichoweka kwenye swichi kuu kinakata chenyewe. Hakimsubiri mtu aguse."

Ilibaki kuzamisha fimbo ya shaba ardhini. Pelagia akamnyang'anya nyundo. Aliigonga mwenyewe, na fimbo ikazama polepole kwenye udongo uliolowa, mpaka ikabaki ncha ya kufungia waya.

Taa ikawashwa. Pelagia alitangulia kulishika karai yeye, kiganja wazi, ndipo akamwita Debora. Hakuna aliyeshikwa.

Jioni akabonyeza swichi. Giza likaja lote. Akangoja. Akaita, "Bernado?" Akaita tena kwa sauti. Ndipo kilio chote alichokizuia kikatoka, cha nguvu, mpaka majirani waliozoea kuikimbia baraza ile wakaja mbio na kanga wamejifunga vibaya.

Walimkuta anatafuta simu gizani.

"Shemeji Apolinary," alisema simu ilipopokelewa, "kateni mgomba mje nao. Ila msiukate mrefu. Kaka yako alikuwa mfupi."