Kidole Nilichomnyoshea Baba Mdogo

Kitu kikavu kilivunjika mara mbili, nami nikajikuta chini ya meza kabla sijaelewa kwamba ni jirani, hapa mjini mtaa wa Mabanga, anayepasua kuni za mikaratusi. Harufu ya utomvu ikaingia dirishani, ileile ya ua wetu kule Masisi.

Baba yangu alikuwa mwami, mtawala wa jadi wa kwetu, na mdogo wake alifanana naye kwa kila kitu. Wenye bunduki walikuja kuivunja mikono ya mwami, iliyokataa kutia sahihi ya kutoa malisho yetu. Waliwapigisha magoti wote wawili, kisha wakanivuta mimi nje.

"We katoto, mwami ni yupi?"

Kwetu ni mwiko mtoto kumnyoshea mwami kidole. Basi nilimnyoshea yule niliyeruhusiwa.

"Ni miye," baba mdogo akasema. "Mutoto hadanganyake."

Baba akafungua kinywa.

"Nyamaza, we muchungaji wa ngombe," mdogo wake akamkatiza.

Wakacheka, wakamsukuma baba kando kwa teke, kisha wakaivunja mikono ya ndugu yake kwa vitako vya bunduki, mmoja baada ya mwingine.

Tangu hapo najiuliza kama nilishika adabu tu, au nilichagua. Leo, nilipotoka chini ya meza, nilimpigia baba mdogo simu.

"Papa mudogo, siku ile ni miye nilikunyoshea kidole."

"Ulitaka umunyoshee nani? Si ni miye nilikufundisha heshima?" Akacheka. "Ngoja kwanza, baba yako anamaliza kunikatia nyama."