Filamu ya Mama Nyota

Hospitalini walimwita Mama Nyota. Kazi yake ilikuwa kupiga eksirei, lakini kwa miaka ishirini, bosi akijifanya haoni, alisafishia picha zake za nyota katika chumba cha giza cha idara.

Mwaka ule ilipita nyota yenye mkia ambayo hataiona tena maishani mwake. Alichukua likizo, akapanda mlimani na kamera yake ya filamu. Kila picha ilimla nusu saa, akiizungusha kamera kwa mkono, taratibu, kuifuata nyota angani, vidole vimekufa ganzi.

Aliporudi kazini, chumba cha giza kilikuwa kimejaa mafagio. Mashine za dijitali zilikuwa zimeingia, na dawa zote za kusafishia picha zimemwagwa.

“Mbona hamkuniambia?”

“Siku hizi nani anasafisha filamu, Mama Nyota?” bosi akacheka.

Akajaribu bafuni kwake, kwa dawa kuukuu iliyobaki chupani. Filamu ikatoka tupu, bila hata alama moja, mwanzo hadi mwisho.

Jumapili mdogo wake wa kiume akaja kumsalimia, kamera mpya shingoni.

“Dada, cheki hii. Picha mia za ile nyota, kamera ikijipigia yenyewe, kompyuta ikaziunganisha. Mimi nilikuwa garini nimelala fofofo.”

Mkia ulionekana uzi kwa uzi. Mama Nyota akatafuta kasoro, asiione. Kilichomchoma zaidi ni kujua kwamba hata kama filamu yake ingetoka salama, isingefikia uzuri ule.

“Nzuri,” akasema.

“Nikutumie?”

“Usinitumie.”